Nchi Isiyo na Jambo

Nchi ninayotaka kuisimulia ina jina zuri sana, lakini nimeshauriwa nisilitaje, na mimi ni raia mtiifu. Nitaiita nchi yetu. Kama wewe ni wa nchi nyingine na ukaona haya yanafanana na ya kwenu, shauri yako. Sisi hatukumwiga mtu.

Katika nchi yetu kesi zilikuwa nyingi kuliko kuku. Mafaili yalijaa masjala, yakatoka ukumbini, yakapanda ngazi, mpaka hakimu mmoja wa mkoani akawa anaingia ofisini kwake kwa dirishani na joho lake mkononi. Kulikuwa na wajukuu wanaogombania ng'ombe ambaye hakuna aliye hai aliyewahi kumwona. Na msidhani Serikali ilikaa kimya. Tume ya kwanza ilikaa, ikatafakari, ikapendekeza kwamba kesi zilizopita miaka kumi zisiitwe tena kesi za zamani, ziitwe kesi zilizokomaa. Tume ya pili ilipendekeza rafu za mbao. Rafu zikaletwa, na mchwa wakaja nazo, na katika msimu mmoja wa mvua mchwa wale walimaliza mashauri mengi kuliko mahakimu wote kwa pamoja. Wakubwa walisikitika kwamba sheria ya utumishi haikuruhusu kuwapandisha cheo.

Miongoni mwa kesi zilizokomaa ilikuwamo ya Nasibu, fundi baiskeli, mtoto wa pekee wa Bi Nyamizi. Nasibu alishtakiwa kuiba nyaya za umeme za kijiji chao. Kijiji chao hakijapata umeme mpaka leo. Wakubwa walipokwenda kuuzindua walikuta nguzo zimesimama tupu, wakauliza nyaya ziko wapi, na bwana aliyekabidhiwa mradi akasema zimeibwa. Basi zikatafutwa nyumba kwa nyumba. Nyumbani kwa bwana yule hawakufika, maana barabara ya kwake ni ya lami na polisi waliogopa kuichafua. Kwa Nasibu walikuta spoku za baiskeli, na spoku, ukiitazama kwa jicho la kipolisi, ni waya.

Tangu hapo alikuwa akipelekwa mahakamani kila baada ya wiki mbili, mwendesha mashtaka anasimama, anasema upelelezi haujakamilika, anaketi, na Nasibu anarudishwa rumande. Hakimu aliyeianza kesi ile alistaafu. Wa pili alifariki, Mungu amrehemu. Wa tatu alipandishwa cheo kwa uchapakazi. Nasibu aliingia mle ndani ndevu hazijamjaa usoni, sasa zina mvi.

Mama yake hakuomba aachiwe. Naomba mlielewe hili, kwa sababu baadaye kuna watu walimwita mchochezi. Aliomba ahukumiwe tu. Alikuwa akimwambia kila karani aliyekubali kuinua kichwa: kama mwanangu ni mwizi mfungeni, nijue anatoka lini.

*

Ndipo akaja Mheshimiwa Dakta Injinia Lutengano, Waziri wa Sheria, Kasi na Matokeo. Alikuwa ametoka ng'ambo kujifunza namna ya kumaliza mlundikano wa kesi, katika nchi ambayo haina mlundikano wa kesi, na alikawia kurudi kwa sababu alikuwa akitafuta cha kujifunza. Siku aliyoshuka aliita waandishi wa habari.

"Ndugu wananchi," alisema, "zama za kufunua mafaili zimepita, tumeingia zama za kubofya. Kwa Mkakati huu mwananchi atapata haki yake kabla hajajua kwamba ameonewa."

Mkakati wenyewe ulikuwa mtambo. Uliitwa Papo kwa Papo. Ungepachikwa katika kila mahakama, kila gereza na ndani ya simu ya kila mwenye kesi, umwite mhusika kwa jina na kumuuliza kama bado ana jambo. Mwenye jambo asikilizwe upesi, asiye na jambo shauri lake lifungwe. Na mimi sitawadanganya, wazo halikuwa baya. Kesi nyingi wenyewe walishakufa au walishaoana. Hata mimi nilipiga makofi.

Balaa lilianzia kwenye salamu. Mtambo hauwezi kumvamia mtu na maswali bila kumsalimia, utadhaniwa mwizi. Sasa usalimie vipi? Ukimwambia mzee hujambo, umemvunjia heshima. Ukimwamkia mtoto shikamoo, umeifedhehesha Dola. Ikaundwa Kamati ya Adabu, ikakaa katika hoteli moja ya mlimani yenye baridi nzuri, ikala, ikajadiliana, ikala tena, na mwishowe ikatoa uamuzi ambao wanasheria wanausifu hadi leo: mtambo una umri wa miaka tisini. Kwa hiyo wenyewe hauwajibiki kumwamkia mtu, na kila mtu anawajibika kuuamkia. Ukapewa sauti ya kikongwe. Tangu siku hiyo watu wote tukawa tunauita Bibi.

Mafundi walioujenga walikuwa wageni, wakataka waelezwe maana ya maneno. Wakapelekewa Profesa wa lugha. Kama wangemuuliza mama ntilie maana ya hujambo, angewajibu ni salamu tu, wakaendelea na kazi. Lakini huyu alikuwa profesa. Alilitandika neno juu ya ubao akalipasua kama samaki. Hu, jambo: je, huna jambo? Si, jambo: sina jambo. Na jambo, kwa lugha ya mahakama, ni shauri. Mafundi waliruka kwa furaha. Kumbe salamu yenyewe ndiyo swali, mtu aulizwe mara mbili kwa nini? Wakalifuta swali la pili na Waziri akawapa cheti cha kuokoa muda.

Na Profesa hakukosea. Hilo ndilo linaloniuma.

*

Ninyi mnatujua watu wa kwetu. Mtu anaungua moto, ukimuuliza hujambo atakwambia sijambo, kisha ndipo aombe maji. Nenda msibani ukamuulize mfiwa habari za hapa. Atakujibu nzuri, ila tumefiwa. Tumelelewa hivyo, na waliotulea walitupiga tukikosea.

Basi asubuhi ya uzinduzi Bibi alianza kuita watu. Alimwita mjane anayedai shamba lake, mjane akasema shikamoo, Bibi akasema marahaba, hujambo? Mjane akasema sijambo, akavuta pumzi ili aanze kueleza lile shamba. Hakupata nafasi. "Huna jambo," Bibi alisema kwa upole kabisa. "Mahakama inashukuru kwa adabu yako. Shauri limefungwa." Ikafuata mlio, na simu ikakatika. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwenye mkono uliokatwa na mashine kiwandani, na kwa binti aliyetelekezwa akiwa na mapacha. Wote walilelewa vizuri, na wote kesi zao zilikwisha kabla ya chai ya saa nne.

Mbele ya Mahakama Kuu waliweka ubao wa taa unaoonyesha idadi ya kesi nchini. Tarakimu zilikuwa zinashuka mpaka macho yanauma. Waziri alilia mbele ya kamera. Alisema kumbe wananchi hawakuwa na shida, walikuwa hawajaulizwa tu.

Gerezani mahabusu walipangwa mstari mbele ya spika ukutani. Ilipofika zamu ya Nasibu alivua kofia, akaamkia, akaitikiwa, akaulizwa. Alikuwa amepimwa wiki ile akaambiwa kifua chake si kizuri. Akajibu sijambo, Bibi.

Waliobaki na kesi zao walikuwa wakosefu wa adabu peke yao. Mwizi mmoja wa mifukoni alimtolea Bibi neno ambalo hapa siliandiki. Shauri lake likabaki hai, likasikilizwa wiki ileile, na akashinda.

*

Bi Nyamizi alipata habari kwamba kesi ya mwanawe imekwisha, akashona kanzu mpya ya kumpokelea. Alikwenda gerezani nayo ndani ya mkoba, pamoja na maandazi. Mkuu wa gereza alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamwambia ni kweli kabisa, Nasibu hana kesi.

Basi nipeni niende naye, mama akasema.

Mkuu wa gereza akamweleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto kwa nini mwezi haushikiki. Mtu hatoki rumande ila kwa hati ya hakimu. Hati huandikwa ndani ya shauri. Shauri la Nasibu limefungwa, kwa hiyo hakuna shauri la kuandikia hati, kwa hiyo hakuna hakimu mwenye mamlaka naye. Angekuwa na kesi angeweza kushinda. Angeweza hata kushindwa, akafungwa, akamaliza, akatoka. Lakini mtu asiye na kesi, mama yangu, huyo utamtoa kwa lipi?

Akaenda masjala ya mahakama. Karani akamwambia kufungua shauri upya ni haki ya kila raia, zungumza tu na Bibi pale mlangoni. Akazungumza na Bibi. Shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, shauri likafungwa kabla ya kufunguliwa. Akarudi tena mlangoni, safari hii ameuma ulimi. Bibi akamuuliza hujambo kwa ile sauti ya kikongwe, na mdomo wa Bi Nyamizi, uliomjibu kila mtu kwa miaka sitini na ushei, ukajibu wenyewe. Alikaa pale nje kwenye ngazi akalia kwa hasira, anajipiga midomo.

Na hapo bado. Mwezi uliofuata Waziri alitangaza redioni kwamba kwa kuwa nchi haina mashauri, kwa mantiki ya kawaida haina mahabusu. Waliomo magerezani bila kesi wasiitwe mahabusu, waitwe wakazi. Na fungu la chakula cha mahabusu likafutwa, maana utamlishaje mtu ambaye hayupo? Gazeti la Serikali liliuita uamuzi huo wa kijasiri. Mimi nilitafuta ujasiri ulikuwa wa nani, nikaona labda ni wa wale walioendelea kuishi.

Tangu hapo aliyekuwa na ndugu alikula chakula cha ndugu, na asiye na ndugu alisubiri mabaki ya aliye naye. Bi Nyamizi alipika kila siku. Alimtazama mwanawe kupitia wavu, anavyogawa ugali vipande kuwapa wenzake na kukohoa kwenye kiwiko, na alivyozidi kupungua ndani ya shati. Alijua hesabu ya kifua kile haina muda mrefu. Nasibu alikuwa akimuuliza kila mara, mama hujambo, na yeye alijibu sijambo mwanangu, wewe hujambo? Sijambo mama. Walikuwa wakidanganyana hivyo, kwa adabu, mpaka kengele igongwe.

*

Sasa niwaambie kuhusu masikio ya Bibi. Bibi hakupewa macho, maana macho yalikuwa ya awamu ya pili. Alikuwa na masikio tu, na alisikia kila kilichosemwa ndani ya chumba cha mahakama.

Siku moja wakubwa wawili walikuwa wanashtakiana, mmoja wao mwenye hoteli, na mawakili wao wamevaa vizuri kupita maharusi. Katikati ya hotuba, mama mmoja muuza chai aliingia kumletea karani kikombe chake, akamuuliza hujambo, naye karani akajibu sijambo. Bibi akashukuru kwa adabu, akaifunga kesi ya mabwana wakubwa pale pale. Hakukuwa na rufaa kwa sababu hakukuwa na shauri la kukatia rufaa. Ilipowagusa wao, mabango yalipatikana siku ileile, kila ukuta: NI MARUFUKU KUSALIMIANA NDANI YA JENGO HILI.

Wakati huohuo wananchi walikuwa wamejifunza kwa yule mwizi wa mifukoni. Wakaanza kumjibu Bibi ovyo, ili kesi zao zifufuke, na ubao wa taa ukaanza kupanda. Waziri alikasirika mno. Shirika moja la ng'ambo, linalotoa vikombe kwa nchi zenye takwimu nzuri, lilikuwa limeshakata tiketi za kuja kutukabidhi chetu, na lilikuwa limeahidiwa sifuri. Ikapitishwa kwa dharura Sheria ya Adabu kwa Mitambo. Yeyote atakayeulizwa hujambo na mtambo wa Serikali akajibu tofauti na sijambo, ametenda kosa la jinai. Bibi naye akafundishwa: jibu baya lisifungue tena kesi ya mwenye shida, lifungue kesi dhidi yake.

Kwa hiyo katika jengo moja, kumsalimia binadamu lilikuwa kosa, na kutoitikia salamu ya spika lilikuwa kosa pia. Ubao ukarudi sifuri. Watu walikuwa wanapishana kwenye kumbi zile kama wamenuniana.

Bi Nyamizi alikuwa amekaa kwenye ngazi zake, mkoba mapajani. Mama muuza chai ndiye aliyemhadithia ile kesi ya mabwana, wakiwa nje, ambako bado watu walikuwa wanaruhusiwa kucheka. Muuza chai alicheka mpaka akashika ubavu. Bi Nyamizi hakucheka. Alimwomba arudie, nani alimsalimia nani, na nani aliitikia. Kisha akakaa muda mrefu akiutazama ule ubao wenye sifuri, akaondoka bila kununua chai.

*

Kesho yake alikwenda mlangoni kwa Bibi, amevaa kanga yake ya sherehe. Bibi akamuuliza hujambo.

"Ninalo," Bi Nyamizi akasema.

Askari wa zamu alidhani mzee amekosea, akamnong'oneza jibu sahihi. Bibi akauliza tena. Bi Nyamizi akasema ninalo, tena kubwa, na likafika sikio la mwenye kusikia. Wakamkamata. Pale nje, kwenye ubao wa taa, sifuri ikatetemeka ikawa moja.

Wageni wenye kikombe walikuwa wanafika Ijumaa. Hii ilikuwa Jumatano. Waziri alipiga simu kila mahali, akasema kesi hiyo isikilizwe kesho, iishe kesho, mama huyo apewe chochote anachotaka ili iishe. Ndiyo kesi ya kwanza katika historia ya nchi yetu kusikilizwa siku ya pili yake, na upelelezi ulikuwa umekamilika.

Ilipelekwa kwa Hakimu Mbwilo, kijana mpole mwenye miwani, ambaye siku hizo hakuwa na kazi na alikuwa akifika ofisini kusoma magazeti. Mwendesha mashtaka alikuwa yule yule wa siku zote. Mpango wao ulikuwa mwepesi: mama akiri, aombe radhi, apewe onyo, watu waende kula. Lakini mama alikana kosa. Alisema yeye si mkosefu wa adabu, na anaye shahidi anayeijua adabu yake kuliko wote kwa sababu ndiye aliyefundishwa nayo. Akamtaja Nasibu, wa gerezani.

Mwendesha mashtaka akapinga. Simu kutoka kwa Waziri ikalia, akatoka, akarudi, akasema hapingi. Hakimu akaandika hati ya kumtoa shahidi gerezani, ndani ya shauri la mama yake, na baada ya saa moja sajini wa magereza akamleta.

Nilikuwapo. Chumba kilikuwa kimejaa watu waliokuja kutazama kesi, kama ambavyo watu huenda kutazama mnyama waliyesikia ametoweka. Nasibu alipita karibu na kizimba cha mama yake. Miaka yote ile hawakuwa wameonana bila wavu katikati. Bi Nyamizi alinyoosha mkono akamgusa shavu, akaona mfupa ulivyo karibu, akaurudisha mkono wake mahali pake.

Hakimu akamuuliza Nasibu ana kesi gani.

"Sina kesi, mheshimiwa."

"Ulifungwa miaka mingapi?"

"Mimi sikufungwa, mheshimiwa. Iliyofungwa ni kesi."

Hakimu akamgeukia mwendesha mashtaka ampe maelezo. Bwana yule alisimama, akajikohoza, na kwa mazoea ya miaka mingi akasema upelelezi haujakamilika. Kisha akajisikia mwenyewe, akaketi.

Nasibu alitoa ushahidi wake kwa sauti ndogo, anapumzika katikati. Alisema mama yake alimfundisha kwamba mtu akikujulia hali, mwitikie kwamba ni salama, hata kama unaumwa, hata kama una njaa, kwa sababu aliyekuuliza hana kosa. Alisema yeye alimjibu hivyo Bibi, na ndiyo maana yuko alipo. Wenzake wawili waliomjibu hivyo hivyo walishazikwa. Alisema kama huo si ushahidi wa adabu ya mama yake, hajui aseme nini zaidi.

Hakimu alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alisema, kama anayejisemea, kwamba shahidi huyu si mshtakiwa, hana shauri, na mahakama haina mahali pa kuandika kwamba aachiwe. Akishatoa ushahidi atarudishwa. Watu waliguna. Mimi mwenyewe nilihisi kutukana, na mnanijua nilivyo mtiifu.

Mwendesha mashtaka aliona mwanya, akasimama haraka. Alisema Jamhuri si katili. Mshtakiwa athibitishe tu, hapa mbele ya Mtambo, kwamba anajua kusalimia kama watu wengine, amsalimie mheshimiwa Hakimu, aombe radhi, tumalize.

Bi Nyamizi aliinuka. Alisema yuko tayari, ila yeye ni mtu mzima na Hakimu ni kijana, na kwa desturi tuliyoikuta mdogo ndiye huanza. Mwendesha mashtaka akamwashiria Hakimu kwa kichwa, kwa pupa, kwamba aanze tu, aanze, saa zinakwenda.

"Shikamoo, mama," Hakimu akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Juu ya kichwa cha Hakimu lilikuwapo lile bango la kukataza salamu, na chini ya bango ilikuwapo spika ya Bibi. Niliona rangi ikimtoka mwendesha mashtaka. Alianza kuinuka, mkono mbele, anatafuta neno la kuzuia. Hakimu Mbwilo alimtazama yeye. Akamtazama Nasibu, na mvi zake, na lile shati. Mimi sijui kama alisahau au alikumbuka, na wanaojua hawasemi.

"Sijambo, mama," akasema, wazi kabisa, akiwa ameielekea ile spika.

"Huna jambo," Bibi akasema. "Mahakama inashukuru kwa adabu yako. Shauri limefungwa."

*

Watu walianza kutoka. Sajini wa magereza, ambaye hakuwa mtu wa kufikiri sana siku za kazi, alimshika Nasibu kiwiko ili amrudishe. Bi Nyamizi akasimama mbele yao.

"Unampeleka wapi, mwanangu?"

"Gerezani, mama."

"Kwa hati gani?"

Sajini akapapasa mfukoni, akatoa hati aliyotumia kumleta Nasibu. Iliandikwa ndani ya shauri la Bi Nyamizi, na shauri la Bi Nyamizi halikuwapo tena. Akamtazama karani. Karani akasema masjala haina kitu. Akamtazama Hakimu. Hakimu alikuwa ameshafunua gazeti.

"Mlinifundisha wenyewe," Bi Nyamizi akamwambia. "Mtu asiye na kesi hatolewi bila hati. Basi haingizwi pia bila hati. Utamwingiza kwa lipi?"

Sajini alifikiri, na ilionekana usoni kwamba inamuuma. Kisha akaachia kile kiwiko. Mama akatoa ile kanzu kwenye mkoba, akamvika mwanawe juu ya nguo za rumande, ikampwaya kama imeshonwa kwa ajili ya mtu mwingine, na kweli ilishonwa kwa ajili ya mtu mwingine. Wakatoka nje wameshikana mikono, wakapita chini ya ubao wa taa. Ubao ulikuwa umerudi sifuri.

Ijumaa kikombe kikakabidhiwa. Waziri alisema katika hotuba kwamba hata ile kesi moja iliyojitokeza juzi ilimalizwa kwa siku moja, kwa mazungumzo na kwa adabu. Alishangiliwa. Bwana wa nyaya alikuwa mstari wa mbele, amekabidhiwa mradi mpya wa kufunga taa kwenye ubao mkubwa zaidi.

Ila Jumatatu iliyofuata nilipita pale Mahakama Kuu kwa shughuli zangu. Nilikuta akina mama wamepanga mstari kutoka mlangoni kwa Bibi, umepita ngazi, umepita kwa muuza chai, umekata kona. Kila mmoja alikuwa na mtu wake ndani, na kila mmoja alikuwa na nguo safi ndani ya mkoba. Bi Nyamizi alikuwa akitembea kando ya mstari akiwafundisha wasiume ulimi, haisaidii, wajizoeze nyumbani kwa majirani. Bibi aliuliza hujambo, na wa kwanza akajibu ninalo. Wa pili akajibu ninalo. Ubao ulianza kupanda. Askari walikuwa wanakamata huku wanahesabu wamebaki wangapi, na hawakufika mwisho wa mstari.

Nasibu amerudi kwenye baiskeli zake, pale njiapanda, anafanya kazi kidogo na kupumzika kidogo. Ukimsalimia hakuitikii upesi kama zamani. Anakutazama kwanza, na wengine wanasema gereza limemharibia adabu.

Haya, mimi nimemaliza. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, hujambo? Usinijibu kwa mazoea.